Saa mbili ya kwetu, saa nane ya mgeni

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni dada wa miaka 26, niko ofisi ya utalii hapa Moshi. Kazi yangu ni kuchati na wageni, WhatsApp na imeli, tangu wanapouliza bei ya kupanda mlima hadi wanaporudi kwao. Mwezi uliopita nilimwandikia mgeni 'The driver will pick you at 2 in the morning.' Nilimaanisha saa mbili asubuhi. Yeye na mkewe wakaamka usiku wa manane, wakakaa mapokezi ya hoteli na mabegi yao hadi kunakucha. Bosi anasema Kiingereza changu kibovu, nikasome kozi ya miezi sita kwa hela yangu mwenyewe. Kidato cha nne nilipata C. Je, nikasome? Na kwa sasa nifanyeje, maana wageni hawangoji kozi iishe? Natumia pia programu ya kutafsiri kwenye simu, wenzangu wananicheka."

Jibu:

Marahaba mwanangu, na pole kwa hilo.

Tuanze na sentensi yenyewe. Kosa la sarufi lililomo ni moja tu, tena dogo: "pick" ilitaka "up" mwishoni, yaani "pick you up". Mwalimu wa kozi angelizungushia kalamu nyekundu hilo, na "2 in the morning" angeiacha ipite, maana ni Kiingereza safi kabisa. Kilichomkosesha mgeni usingizi ndicho hicho kilichokuwa safi. Kwa hiyo kozi tuiweke pembeni kwanza, tutairudia.

Nimesoma meseji nyingi za ofisi za utalii, zangu mwenyewe za miaka ya nyuma zikiwemo, na nimezoea kuyagawa makosa mafungu mawili. Yapo yanayomfanya mgeni atabasamu: "luggages", "informations", "explain me". Anakuelewa, anaendelea na shughuli zake. Na yapo yanayompeleka mahali siko, saa siyo, au kumfanya alipe kiasi siyo. Hayo ya pili mara nyingi hayana kosa lolote la sarufi. Ni Kiswahili kimevaa nguo za Kiingereza, na programu ya kusahihisha tahajia inayapita bila kustuka. Wewe shughulika na hayo kwanza.

Saa ndiyo mama yao. Sisi tunahesabu kuanzia alfajiri, na kwa watu wanaoishi karibu na ikweta, ambako jua huchomoza na kuzama saa zilezile karibu mwaka mzima, hesabu hiyo ina akili kuliko ya mgeni. Lakini mgeni haijui. Ukiandika huku kichwa kikisema "saa mbili", mkono unaandika 2 wenyewe. Na usidhani ni wewe peke yako: nimewahi kuona ratiba ya mlima, imechapwa vizuri na nembo juu, imeandikwa kwamba usiku wa kilele wageni wanaondoka kambi ya Barafu "at 6 in the night". Sote tunajua ni saa sita usiku, kwa kuwa huwa wanaanza kupanda karibu na hapo ili wafike Uhuru, mita 5,895, jua likichomoza. Mgeni akisoma hivyo anaona saa kumi na mbili jioni, anajiuliza atatembea gizani kwa muda wa saa ngapi, na anaanza kuogopa mlima kabla hajauona.

Dawa ni kuacha kutafsiri saa kichwani. Weka simu yako na kompyuta ya ofisi zionyeshe saa kwa tarakimu, kisha unakili kile unachokiona: 8 am, 1 pm, 11 pm. Kwa wageni wa Ulaya unaweza kuandika 20:00, wamezoea. Kwa Mmarekani weka "8 pm", kwani wengi wao hesabu ya saa 24 huiachia jeshi. Usiandike "12 am" wala "12 pm", hata wenyewe huwachanganya. Andika "midnight" au "noon".

Halafu kuna usiku unaovuka tarehe. Kiswahili kina neno tamu la "usiku wa kuamkia Jumatano", Kiingereza cha kila siku hakina kitu chepesi hivyo. Ndege ya mgeni ikitua Kilimanjaro saa saba na nusu usiku, sisi kwetu bado ni Jumanne usiku, kwake ni Jumatano 1:30 am. Ukiandika "Tuesday night" dereva anaweza kuwa uwanjani siku moja kabla, na chumba cha hoteli kikalipiwa usiku usiohusika. Hapo andika vyote: siku, tarehe, mwezi kwa herufi, saa. "Wednesday 8 July, 1:30 am." Mwezi kwa herufi nasisitiza kwa sababu 03/07 kwetu na kwa Mwingereza ni tarehe 3 Julai, kwa Mmarekani ni Machi 7. Na nikiwa kwenye tarakimu: Mjerumani akiandika 2.450 anamaanisha elfu mbili mia nne na hamsini, nukta hiyo ni ya kutenga maelfu. Usije ukainakili hivyo hivyo ukampelekea Mmarekani, ataisoma dola mbili na senti arobaini na tano. Andika 2450 USD, bila nukta wala koma, ulale salama.

Kosa la pili kwa hasara ni "Yes".

Mgeni anauliza: "You haven't received my deposit?" Wewe hujaipata, unajibu kama mtoto wa Kiswahili aliyelelewa vizuri: "Yes." Kwetu ndiyo inakubaliana na maneno ya muulizaji: ndiyo, ni kama usemavyo, sijaipata. Kwa Kiingereza "Yes" hapo husomeka kwamba umeipata. Mgeni anafunga simu kwa raha, benki imeirudisha hela, na nyinyi mnasubiriana wiki mbili. Swali lolote lenye "not" au "n't" ndani yake, usilijibu kwa neno moja. Rudia jambo lenyewe: "We have not received it yet." Mimi siku hizi hata swali lisilo na "not" nalijibu hivyo, imekuwa tabia. Na "It's okay" iache kabisa. Mgeni akiuliza "Do I need to bring a sleeping bag?" ukamjibu "It's okay", umemwambia nini? Alete? Asilete? Kule juu usiku maji huganda.

La tatu ni dogo kwa umbo, nalipenda kwa sababu karibu hakuna anayelifundisha. Kiswahili kina "-ki-" inayobeba mambo mawili: ukifika, yaani kama utafika, na pia wakati utakapofika. Kiingereza kimeyatenga, "if" na "when". Sasa angalia meseji ninayoiona kila msimu: "If you arrive at the airport, our driver will be waiting." Mwandishi alitaka kumtuliza mgeni. Mgeni anasoma: ikiwa utafika. Kwani kuna shaka? Ndege zina nini huko? Mbaya zaidi ni "if you come back from the mountain". Kijana wa watu yuko Chicago, mama yake hataki aende, anasoma hiyo. Kama jambo lina uhakika wa kutokea, andika "when". "If" ibaki kwa yale yanayoweza kutokea au yasitokee: "If it rains, the drive may take longer."

Kisha yeye. Kwetu "amefika" haijali mwanamume wala mwanamke, na programu ya kutafsiri inapoipata "amefika" bila jina, inalazimika kubahatisha "he" au "she". Matokeo yake mwongozaji wenu wa kike anageuka "he" kwenye meseji, na mwanamke aliyeomba makusudi aongozwe na mwanamke anaanza kulalamika. Au unamwita mgeni "Mr" kwa kuwa jina lake ni Sam, kumbe Sam ni Samantha. Tumia jina. "Your guide", "your driver", "Sam". Kurudia jina mara tatu kwenye meseji si aibu. Hapo hapo kuna mtego wa upande wa pili, na huu ni upungufu wao si wetu: "you" ya Kiingereza haisemi kama ni wewe au ninyi. Ukiuliza "Do you need a single tent?" kundi la watu wanne, utajibiwa na mmoja kuhusu yeye mwenyewe. Andika "all four of you" au "both of you".

Yako maneno mengine ya namna hii, nitayapitia mbiombio. "I'm coming" kwa maana ya nakuja, tuliyozoea kuisema tukiwa tunaondoka: mgeni atashuka chini kukutafuta, andika "I'll be back in ten minutes". "Please pay until Friday" inasema alipe mfululizo mpaka Ijumaa. Unataka "by Friday". "Tea at 7" kwetu ni chai na mkate na mayai, kwake ni kikombe cha chai tu, atakuja na njaa yake na kulalamika, sema "breakfast". Ukisimama njiani mle mchana, usiandike mtakula "at a hotel" kama ni mgahawa, atauliza kwa nini amebadilishiwa malazi. Na mafua si "flu". Ukimwambia mgeni mpishi ana "flu" anaona ugonjwa wa kulazwa. Mafua ya kawaida ni "a cold".

Mguu na kidole lakini nisivipite mbio. Mguu wetu unaanzia nyongani hadi unyayoni. Kwao "leg" na "foot" ni vitu viwili. Kidole chetu ni cha mkono na cha mguu, kwao "finger" na "toe". Siku ambayo mgeni ataumia mlimani, wewe ndiye utakayekuwa kwenye chati na watu wa bima wa nje, na wao wanaamua kutokana na maneno yako. "The guest has a problem in the leg" haiwasaidii. "She twisted her left ankle on the Barranco Wall at about 10 am. She can stand but she cannot walk down without help." Kushoto au kulia, saa ngapi, anaweza nini, hawezi nini. Andika orodha ya viungo kwa Kiingereza uibandike ukutani kabla hujaihitaji.

Nije kwenye adabu, maana najua itakusumbua kuliko sarufi. Sisi hatuanzi shida kabla ya salamu. Ila fikiria mgeni wa California. Kipindi chao cha baridi yuko nyuma yetu kwa saa 11, kiangazi 10. Unafungua ofisi saa tatu asubuhi, unamwandikia "Hello, how are you?" halafu unangoja ajibu ndipo uendelee. Kwake ni saa nne au saa tano usiku wa jana, amelala. Akiamka saa moja asubuhi yake anajibu "Good, and you?" na Moshi ni saa kumi na moja au kumi na mbili jioni, umeshafunga kompyuta. Siku nzima imeliwa na salamu. Salamu iwepo, ni haki yake na yako, ila iwe mstari mmoja juu ya meseji ileile yenye jambo: "Good morning, Sam. I hope you are well. I have one question about your flight."

Upande mwingine, ukiacha unyenyekevu wetu usiuache wote. "Tafadhali utume pasi yako" ina upole ndani ya kitenzi chenyewe, ile "-e" ya mwisho imefanya kazi. Ukiitafsiri "Send me your passport" upole wote umedondoka njiani, unasikika kama askari wa uhamiaji. Tumia "Could you send me a photo of your passport, please?" Inatosha. Usipande hadi "Kindly be informed that you are hereby requested", hiyo ni lugha ya barua za serikali za zamani, na mgeni anaisoma kama onyo. "My dear" kwa mgeni wa kiume uliyemjua jana iache, hata kama kwako ni sawa na "ndugu yangu". Na pole: mgeni akikuandikia ameteleza, usimjibu "Sorry, sorry", kwani peke yake "sorry" inaweza kusomeka kama unakiri kosa ni la kampuni. "I'm sorry to hear that" ndiyo pole yetu hasa.

Sarufi nitakupa vitu vitatu tu. Jambo lililotajwa siku au saa yake halichukui "have": si "I have sent it yesterday", ni "I sent it yesterday". Inatokea kwa sababu "nimetuma jana" tunaisema bila wasiwasi. Pili, usirudie mtenda: "the driver he is waiting" ni ile "a-" ya "dereva anasubiri" imejipenyeza. Tatu, ukitamka l na r kwa kubadilishana, kagua maneno mawili kila siku: "collect" na "correct". Ofisi moja iliwahi kumwandikia mgeni kwamba dereva atamsubiri uwanjani "to correct you". Simu haikupiga mstari mwekundu, maana yote mawili ni maneno halali. "A" na "the" usizililie. Kiswahili hakina vitu hivyo, na mgeni akikosa "the" moja haendi kulala mapokezi.

Programu ya kutafsiri: endelea kuitumia, waache wacheke. Ila ilishe Kiswahili kilichonyooka. Sentensi fupi, mtenda ametajwa kwa jina, saa umeshaibadilisha mwenyewe kabla ya kuipa, kwa kuwa ukiandika "saa mbili asubuhi" wakati mwingine itabadilisha sawasawa na wakati mwingine itakuachia 2. Kisha geuza: chukua Kiingereza ilichokupa, kirudishe Kiswahili, usome. Kama kimerudi tofauti na ulichokusudia, shida imeonekana bure. Zile programu mpya za akili bandia zina ugonjwa mwingine, wa maneno mengi. Umeuliza mstari mmoja, inakupa barua ya aya nne yenye "we are absolutely thrilled". Mgeni anayesoma kwenye simu akiwa kwenye treni anataka saa na mahali. Iambie ikupe sentensi tatu, ukiona neno ambalo hulijui lifute, maana likiulizwa utalijibu wewe, si programu.

Meseji yako sasa ningeiandika hivi: "Good afternoon, Sam. Your driver will pick you both up from your hotel tomorrow, Wednesday 8 July, at 8 am. Please have breakfast before then and bring your bags to the lobby. Is 8 am all right for you?" Swali la mwisho lina kazi. Mgeni anapojibu "Yes, 8 am is fine" ameandika saa kwa mkono wake, na kama kuna kosa mnalinasa saa kumi jioni, si saa nane usiku. Ukiwa na WhatsApp ya biashara, hifadhi meseji kama hizi kwenye majibu ya haraka, ya kupokelewa uwanjani, ya malipo, ya vifaa, ya siku ya kurudi, ubadilishe jina na tarehe tu. Kama kumi na tano hivi zitabeba sehemu kubwa ya kazi yako, na ni rahisi kuzikagua kumi na tano mara moja kwa utulivu kuliko kuandika upya kila asubuhi ukiwa na wageni sita wanasubiri.

Kuhusu kozi, mwambie bosi kwa heshima kwamba utaanza na hizo kumi na tano, yeye azisome na kuzipitisha. Msimu ukiisha na makosa ya saa na malipo bado yapo, uende kusoma, mgawane gharama, kwa kuwa faida ni ya ofisi pia. Na uchague kozi itakayokufanya uandike kila siku, siyo ya kujaza nafasi zilizo wazi.

Wenzako wanaocheka, omba siku moja wakuonyeshe meseji walizotuma wiki hii. Hesabu "If you arrive" ziko ngapi.